Tano iliyogeuka saba: kumbukumbu ya kompyuta ilipotuchelewesha kumpata mtoto



Leo nawaandikia juu ya kosa moja lililopita mikononi mwangu. Lilianzia kwenye kipande cha kompyuta kisichozidi urefu wa kidole, likafika mpaka kwa mama mmoja wa Sake aliyekuwa anatafuta mtoto wake. Nimelisimulia mara nyingi kwa mdomo, na kila mara watu wananiuliza maswali yaleyale: mlijuaje kama ni kumbukumbu? Mlichagua nyingine namna gani? Na sasa mnafanya nini ili lisirudie? Nimeona heri niyaandike yote mara moja.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2024. Mapigano yalikuwa yamefika Sake, kilomita kama 25 upande wa magharibi wa Goma, na watu wakatoka kwa maelfu. Anayeijua Sake anajua kwamba pale njia zinagawanyika: moja inakuja Goma, nyingine inafuata ziwa mpaka Minova, nyingine inapanda Masisi. Watu wakikimbia, familia inaweza kukatika vipande viwili pale pale kwenye njia panda. Ndivyo ilivyompata mama huyu. Yeye alifika Goma na watoto wawili mgongoni na mkononi, akapokelewa na familia moja katika kata ya Ndosho. Mtoto wake wa kiume, wa miaka 11, aliyekuwa ametangulia na majirani, hakuonekana.

Alikuja redioni siku ya Alhamisi. Redio yetu ni ndogo: chumba kimoja cha kurekodia, kimoja cha kuandikia, na wakati ule kompyuta moja ya mkononi iliyobeba kazi zote. Kila jioni tulikuwa tunasoma komunike za watu wanaotafutana, bila malipo. Nikaandika kwenye daftari jina la mtoto, umri, nguo alizovaa, na namba ya simu ya shemeji yake mama, maana simu yake mwenyewe ilipotelea njiani. Kisha nikaingiza yote kwenye kompyuta, tukachapisha karatasi, tukasoma saa mbili za usiku.

Ijumaa tukasoma tena. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, vilevile. Hakuna aliyeita. Mama alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje na mtoto mdogo, anangoja mpaka jua likali. Mimi nilikuwa napita mbele yake na kumwambia, "Mama, vumilia, watu wanasikia."

Jumanne asubuhi simu ya redio ikalia. Alikuwa baba mmoja aliyekuwa Minova.

"Ile namba munasoma ni ya nani?" akauliza. "Mutoto niko naye hapa kwangu. Niko naita tangu siku ya posho, mutu wa Bukavu ndiye anaitika, anasema hajue mutoto yeyote. Nilifikiri ni mambo ya bongo tu. Kesho tunatoka hapa na jamaa, tunaenda mbali."

Nikafungua daftari. Namba niliyoandika kwa mkono ilimalizikia 54. Nikatazama karatasi ya jana yake: ilimalizikia 74.

Mama alikuwa pale pale kwenye benchi. Nilipomweleza, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, ile namba naijua kwa kichwa. Nilikupa namba muzuri."

Alikuwa amesema kweli.

Nani alikosea?

Kwa siku nzima niliamini kwamba kosa ni la vidole vyangu. Wenzangu pia waliamini hivyo, na sikuwalaumu. Lakini tuna tabia ya kutunza karatasi zote za komunike ndani ya katoni. Nikaitoa ile ya Alhamisi, siku ya kwanza. Ilikuwa na 54, sawasawa na daftari. Ya Ijumaa ilikuwa na 74. Kati ya siku hizo mbili hakuna aliyegusa mstari wa yule mama. Tulichofanya ni kufungua faili ileile, kuongeza komunike mpya chini yake, kuihifadhi na kuchapisha.

Basi namba ilibadilika yenyewe ndani ya mashini.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mengine ambayo tulikuwa tunayavumilia. Tangu mwezi mmoja nyuma kompyuta ilikuwa inakwama ghafla na kutoa uso wa buluu wenye maandishi meupe, kisha inajizima na kujiwasha. Mahojiano tuliyorekodi yalikuwa na mlio wa "kre" katikati ya sauti ya mtu. Barua mbili tulizohifadhi vizuri zilikataa kufunguka, zikisema zimeharibika. Kwanza tulilaumu umeme, kwa sababu hapa Goma unakatika tunavyoujua. Kisha tukalaumu virusi, tukafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Hata hiyo Windows yenyewe ilikwama nusu ya safari, ikisema kuna faili haisomeki, tukarudia mara ya pili ndipo ikaingia. Tulishukuru Mungu na kuendelea na kazi. Hatukujiuliza swali moja la maana: ni kitu gani kilichobadilika mwezi ule?

Kilichobadilika ni kwamba tulikuwa tumeongeza kumbukumbu. Kompyuta ilikuwa na bareti moja ya giga 4, tukanunua ya pili, ili iwe na giga 8 na iache kuchelewa tunapokata sauti. Aliyetuuzia alisema ni mpya.

Kitandiko na depo

Nilimpelekea mashini fundi mmoja kijana wa Katindo. Kabla ya kuifungua alinieleza kwa mfano wa Birere, na mfano huo ndio nawapa wote wanaoniuliza.

Mfanyabiashara wa Birere ana depo, mahali anapofungia mizigo yake usiku, na ana kitandiko mbele ya barabara, mahali anapopanga anachouza leo. Disiki ya kompyuta ndiyo depo: ukizima umeme, vitu vinabaki. Kumbukumbu, ile inayoitwa RAM, ndiyo kitandiko: kila kitu unachokifanyia kazi sasa hivi kinatandazwa pale, na umeme ukizimwa, kitandiko kinakunjwa na hakuna kinachobaki. Kila faili unayofungua inatoka depo inapita kitandikoni. Ukihifadhi, inatoka kitandikoni inarudi depo. Sasa kama kitandiko kina tundu mahali fulani, kitu kinachowekwa juu ya tundu hilo kinarudi depo kikiwa na kasoro, na depo haijui. Inapokea tu.

Nikamwonyesha 54 na 74. Akachukua kalamu akaandika:

5 ni 00110101
7 ni 00110111

"Mukubwa, hesabu mwenyewe," akasema. "Ndani ya mashini kila herufi ni taa 8, zinazowaka na zisizowaka. Kati ya tano na saba ni taa moja tu inayotofautiana. Kama chumba kimoja cha bareti kimekwama, hiyo taa inabaki inawaka hata kama haikuwashwa."

Akaniuliza kama kuna makosa mengine kwenye orodha. Tulikuwa tumeona moja: "Kalehe" ilikuwa imeandikwa "Kalghe". Tulicheka siku ile, tukasahihisha kwa kalamu, tukasoma "Kalehe". Akaandika tena: e ni 01100101, g ni 01100111. Taa ileile, mahali palepale.

Hapo nilielewa jambo ambalo bado linanisumbua. Kosa la "Kalghe" lilijionyesha lenyewe, kwa sababu kila mtu anajua Kalehe. Namba ya simu haina maana ya kuonyesha kosa. 74 ni nzuri sawa na 54. Kompyuta inayozima ghafla angalau inakuambia kwamba ni mgonjwa. Hii yetu ilikuwa inaendelea kufanya kazi, inabadilisha kitu kimoja baada ya siku kadhaa, na sisi tunasoma hewani kwa sauti ya uhakika.

Mtauliza kwa nini faili ya komunike ilifunguka bila malalamiko, lakini zile barua mbili zilikataa. Barua ziliandikwa katika Word, ambayo hufunga maandishi kama mzigo wenye muhuri. Kitu kidogo kikiguswa ndani, muhuri haulingani na programu inakataa. Komunike tulikuwa tunaziandika kama maandishi matupu, ili zifunguke kwenye kompyuta yoyote ya zamani. Hayo hayana muhuri. Yanafunguka hata yakiwa na kasoro.

Tulivyoipima

Fundi hakutaka kusema "ni bareti" kabla ya kupima, na ninamheshimu kwa hilo. Wengi wangebadilisha na kudai pesa. Hatua zake nilizifuata kwa macho, na baadaye nimezifanya mwenyewe kwa kompyuta ya shule moja.

Kwanza alitoa chaja, akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani utoke. Akagusa chuma cha dirisha, kwa sababu mwili wa mtu, hasa akivaa sweta, unaweza kubeba umeme mdogo unaoua vipande hivi. Akafungua kifuniko cha chini. Ndani kulikuwa na vumbi letu jeusi la lava, lile linaloingia mpaka kwenye meno. Akalipuliza polepole kwa pampu ya mkono. Akasukuma vibanio viwili kandoni, bareti ikainuka yenyewe kama mlango, akaivuta. Meno yake ya rangi ya dhahabu akayasugua taratibu kwa gome nyeupe ya wanafunzi, akayafuta kwa kitambaa kilicholowa alkoli kidogo, akairudisha: inaingia kwa mlalo, kisha inasukumwa chini mpaka vibanio vilie. Alisema mara nyingine ugonjwa wote ni vumbi na meno machafu, na mtu anaepuka gharama.

Kwetu haikutosha. Akaingiza flashi yenye programu inayoitwa Memtest86+. Ni ya bure. Inawaka kabla ya Windows, inaandika kwenye kila chumba cha kumbukumbu na kusoma tena, mara nyingi, kwa mitindo mbalimbali. Kama alichoandika na alichosoma havilingani, anaonyesha mstari mwekundu. Kwa asiyekuwa na flashi hiyo, Windows ina kipimo chake mwenyewe: andika mdsched mahali pa kutafutia, kompyuta itajiwasha upya na kupima. Hicho ni kizuri kwa kuanzia, lakini kikisema hakuna kosa na dalili zinaendelea, pima kwa ile ya kwanza.

Dakika 40 zilipita bila kitu. Nilianza kuaga. Kisha mistari myekundu ikaanza kushuka, yote kwenye eneo lilelile.

Watu wengi wanaishia hapo, lakini yeye aliendelea, kwa sababu mstari mwekundu unasema kuna kosa bila kusema liko kwenye bareti ipi, au kama ni tundu linaloibeba. Akaiacha bareti ya zamani peke yake usiku mzima, mashini ikiwa imeunganishwa kwenye betri ya sola ili umeme ukikatika kipimo kisikatike. Asubuhi: mizunguko mitano, hakuna kosa. Akaitoa, akaweka ile ya pili katika tundu lilelile. Makosa. Akaihamisha tundu la pili. Makosa yaleyale. Akaweka ile ya zamani tundu la pili. Safi. Hapo tu ndipo akasema, "Mukubwa, tundu ni nzima. Ni hii bareti."

Nilimuuliza kama tunaweza kuendelea nayo, maana inakosea mara chache tu. Akanijibu kwamba kwenye kumbukumbu kosa moja ni nyingi. Sikuwa na la kujibu, nikifikiria lile benchi la nje.

Kuchagua nyingine

Sasa ilibaki kununua, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapoteza pesa. Mwuzaji anakuambia "RAM ni RAM". Hapana. Fundi aliniambia nisiende sokoni na maneno, niende na bareti yenyewe mkononi, na nisome stika yake. Yetu ilisema: 4GB 2Rx8 PC3L-12800S.

4GB ni ukubwa wake. PC3 ni kizazi chake, yaani DDR3. Herufi L ni ya umeme mdogo: DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, yenye L inatumia 1.35. 12800 ni mwendo wake. Wengine wanauandika 1600, ni kitu kimoja, kwa sababu 1600 mara 8 ni 12800. S ya mwisho inaonyesha ni fupi, ya kompyuta ya mkononi. Ya kompyuta ya mezani ni ndefu karibu mara mbili na haiwezi kuingia.

Duka la kwanza waliniletea yenye PC3 bila L, kwa bei nafuu. Inaingia vizuri kwenye tundu, na hapo ndipo mtego ulipo: mashini nyingi zilizotengenezwa kwa volti 1.35 hazitawaka nayo, au zitawaka na kusumbua. Kinyume chake hakina shida. Yenye L inavumilia volti zote mbili, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi juu ya mashini ya DDR3, chukua yenye L.

Duka la pili walinipa DDR4 ya giga 8, wakisema ni "ya kisasa, kali zaidi". DDR3 ya kompyuta ya mkononi ina meno 204, DDR4 ina 260, na pengo la katikati liko mahali tofauti. Haiingii. Kijana wa duka alitaka kuisukuma, nilimshika mkono. Ukisikia kipande hiki kinakataa, acha, usikilazimishe, maana utavunja tundu, na tundu limeshikamana na moyo wa mashini. Vilevile DDR5 haiingii mahali pa DDR4. Kila kizazi na mlango wake.

Mwendo una uhuru kidogo. Ukichanganya ya 1600 na ya 1333, zote mbili zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Hakuna hatari, unapoteza wepesi tu. Kuhusu ukubwa, kila mashini ina kikomo chake, na kinapatikana kwenye maelezo ya mtengenezaji kwa jina na namba ya mashini iliyoandikwa chini yake. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya giga 4 hata ukiweka 8. Utakuwa umelipia chumba usichoingia.

Basi tukawa na machaguo mawili. Kuchukua moja ya giga 8 kwa dola 25, tuwe na 12 kwa jumla, au kuchukua ya giga 4 kama ile iliyokufa, kwa dola 12. Wenzangu walitaka kubwa. Mimi nilisema kazi yetu ni kuandika na kukata sauti, na giga 8 za jumla zinatosha. Tena bareti mbili zinazolingana zinafanya kazi sambamba, kama watu wawili wanaobeba gunia pamoja, na mashini inapata wepesi kwa njia hiyo. Tukachukua ya dola 12. Pesa zilizobaki tulinunua flashi ya kutunzia nakala na madaftari manne yenye jalada gumu. Mtaona chini kwa nini.

Bareti ilikuwa imekwisha tumika, na mwuzaji alisema hivyo waziwazi. Nilipendelea huyo kuliko yule wa kwanza aliyetuambia "mpya". Iliyotumika si mbaya yenyewe. Vipande hivi vikiwa vizima vinaishi miaka mingi. Kinachohitajika ni mapatano. Tulikubaliana naye mambo matatu, akayaandika kwenye risiti: kwamba tutaiweka mbele yake na kuona kama kompyuta inahesabu giga kamili, kwa kuwa kuna stika zinazosema 4 na ndani ni 2, kwamba tutaipima usiku mzima, na kwamba ikionyesha hata mstari mmoja mwekundu ndani ya siku tatu, atabadilisha au atarudisha pesa. Mwuzaji anayekataa kuandika hayo, muachie bareti yake.

Neno moja kwa wanaotaka kununua kompyuta nzima. Nyingi za sasa zilizo nyembamba zina kumbukumbu iliyochomelewa moja kwa moja, haitoki. Ikifa, fundi wa kawaida hawezi kukusaidia. Uliza kabla ya kulipa: je, bareti inatoka? Kwa mashini ya kutumikia watu wengi, mimi nachukua nzito inayofunguka.

Kazi ya baada ya hapo

Bareti mpya ilipita usiku bila kosa. Lakini kubadilisha kipande hakusahihishi kilichokwisha haribika. Kila faili iliyofunguliwa na kuhifadhiwa katika mwezi ule ilikuwa ya kushukiwa, pamoja na nakala tulizoziita za akiba, kwa sababu nazo zilipita kwenye kitandiko kilekile. Tukakaa siku mbili, watu watatu, tukilinganisha kompyuta na daftari, mstari kwa mstari. Mmoja anasoma daftari, wa pili anafuata kwenye kioo, wa tatu anatia alama. Tulipata namba nyingine moja: 1 ilikuwa imekuwa 3. Taa ileile. Ilikuwa ya mzee aliyekuwa anatafuta mke wake. Tuliita namba ya kweli. Walikuwa wamekwisha kukutana kwa njia nyingine, kanisani. Tulishusha pumzi.

Fundi aliniambia kwamba kompyuta kubwa, kama zile zinazohifadhi hesabu za benki, zina kumbukumbu ya namna nyingine inayoitwa ECC. Kwa kila taa 64 inaongeza 8 za ulinzi, ili taa moja ikigeuka yenyewe, mashini iione na kuirudisha. Kompyuta zetu za kawaida hazina hizo. Zinaamini kila kinachosomwa.

Kwa hiyo sisi tumejitengenezea taa zetu za ulinzi, za karatasi na za mdomo. Kila komunike inaandikwa kwanza kwenye daftari lenye jalada gumu, na daftari halitupwi. Aliyeleta tangazo anasoma namba yake mwenyewe kutoka kwenye daftari, tarakimu moja moja. Asiyesoma, tunamsomea na yeye anakubali. Kabla ya kwenda hewani, karatasi iliyochapishwa inalinganishwa na daftari na mtu ambaye hakuiandika. Na siku hiyohiyo tunaita namba hiyo, mlio mmoja tu, ili tujue nani anaitika. Laiti tungefanya hilo la mwisho Ijumaa ile, mtu wa Bukavu angetuambia mapema.

Kwenu ninyi mlio safarini, na najua tangu wakati ule familia nyingi zimehama tena, wengine mara ya pili, wengine mara ya tatu: msiweke namba kwenye simu peke yake. Simu inaibiwa, inalowa, inakosa moto. Andikeni namba mbili za watu wawili tofauti kwenye kitambaa au karatasi iliyofungwa kwenye plastiki, na mtoto anayeweza kukariri, mkaririsheni. Mkileta tangazo kwetu, leteni namba mbili. Moja ikikosewa, ya pili itaitika. Na mkitusikia tumesoma vibaya, msione haya kuja kutuambia.

Kituku

Yule baba wa Minova aliahirisha safari yake siku moja. Njia ya barabara ilikuwa imefungwa, basi akamleta mtoto mpaka kwenye mtumbwi wa moto unaokuja Goma, akamkabidhi kwa mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi, akatutajia jina la huyo mama na rangi ya kitambaa chake. Alhamisi, juma moja kamili tangu tangazo la kwanza, tulikuwa Kituku tangu asubuhi. Mtumbwi ulifika saa nane za mchana.

Mtoto alishuka akiwa amevaa shati lisilo lake. Mama yake hakukimbia. Alitembea polepole mpaka akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku, akamtazama masikio, kama mtu anayehesabu. Kisha akaniita.

"Mwanangu," akasema, "mwambie namba ile."

Sikuelewa. Akarudia, akimwonyesha mtoto kwa kidole. Nikataja namba ya shemeji, yote, taratibu, mpaka 54. Mtoto akairudia. Mama akamwambia airudie tena, naye akairudia, pale pale kwenye mchanga, watu wakipita na magunia ya makaa.

Ile bareti iliyokufa iko kwenye meza yangu, ndani ya kopo la kalamu. Daftari liko kando yake, limefunguliwa.

Mwandishi wenu, Goma